William Bratton: Mkuu wa Polisi Aliyegeuka Mshauri, Mshauri Aliyerudi Kuwa Mkuu

Ndugu mwenyekiti, makamanda mlio kazini na mliostaafu, wanafunzi wa uongozi wa umma, mabibi na mabwana:

Nimeombwa nizungumzie uongozi wa polisi kwa kutazama maisha ya kazi ya mtu mmoja, na nimemchagua William Bratton wa Marekani. Sikumchagua kwa kuwa ni shujaa. Wapo wanaomwita hivyo, na wapo wanaomlaumu kwa mambo mazito, nami nitawasikiliza wote wawili. Nimemchagua kwa sababu ameongoza polisi wa Boston, wa Los Angeles, na wa New York mara mbili, na katikati ya vyeo hivyo amekaa upande wa pili wa meza akiwa mshauri wa kulipwa, akiwaeleza wakuu wengine namna ya kufanya kazi ambayo yeye mwenyewe alikuwa ametoka kuifanya au alikuwa karibu kuirudia. Tukimfuata kwa makini tutaona ilipo tofauti kati ya kushauri na kubeba dhamana, na hilo ndilo ninalotaka kulizungumza leo, kwa kuwa baadhi yenu mtakapovua sare mtaalikwa kuwa washauri, na wengine mmekwisha kukaa mezani na washauri waliotoka mbali wakiwa na michoro mizuri.

Bratton alizaliwa Oktoba 1947 katika mtaa wa Dorchester mjini Boston, kwenye familia ya kawaida ya wafanyakazi. Alitumikia jeshi wakati wa vita vya Vietnam akiwa polisi wa jeshi, kisha mwaka 1970 akajiunga na polisi wa Boston akianzia chini kabisa. Alipanda haraka: sajenti mwaka 1975, luteni mwaka 1978, na mwaka 1980, akiwa na umri wa miaka 32, akashika nafasi ya pili kwa ukubwa katika jeshi hilo, akiwa kijana kuliko wote waliowahi kufika hapo. Hakukaa sana. Alisema hadharani kwamba lengo lake ni kuwa kamishna, ilhali kamishna aliyekuwepo bado alikuwa anakipenda kiti chake, na muda si mrefu akahamishiwa kazi isiyo na uzito. Naona makamanda mnacheka. Hilo halihitaji ufafanuzi.

Kabla ya hapo, katika nusu ya pili ya miaka ya 1970, alifanya kazi katika wilaya ya nne ya polisi wa Boston, ambamo limo eneo la Fenway, na huko alijifunza jambo ambalo hakuliacha tena. Polisi walikuwa wakienda kwenye mikutano ya wakazi wakiwa na takwimu za makosa makubwa, yaani mauaji, ujambazi na uvunjaji wa nyumba, wakidhani kwamba ndiyo yanayowakosesha watu usingizi. Wakazi waliwasikiliza kwa heshima, halafu wakaanza kulalamikia magari yaliyoegeshwa hovyo, makahaba waliosimama kwenye kona, uchafu, na kelele za usiku. Makosa makubwa yaliwapata watu wachache, lakini kero ndogo zilimpata kila mmoja kila siku, na kila mmoja alizitumia kupima kama serikali ipo au haipo. Mwaka 1982 wasomi wawili, James Q. Wilson na George Kelling, waliupa mtazamo wa namna hiyo jina lililoenea duniani, nadharia ya madirisha yaliyovunjika, wakisema kwamba jengo lenye kioo kimoja kilichovunjika bila kutengenezwa huwaalika watu kuvunja vilivyobaki. Bratton alikuwa amekwisha kulisikia hilo kutoka kwa wakazi wa Fenway, na nadhani tofauti hiyo ina maana: msomi aliipata nadharia, lakini askari alipata malalamiko ya mtu anayemfahamu.

Mwaka 1983 alikabidhiwa polisi wa usafiri wa umma wa Boston. Kuna kisa cha wakati huo ambacho huwa napenda kukieleza kila ninapofundisha. Mamlaka ya usafiri ilikuwa imeamua kuwanunulia askari magari madogo ya doria, kwa kuwa bei yake na mafuta yake ni nafuu. Bratton angeweza kuandika dokezo la kurasa kumi kupinga, na mnajua madokezo ya namna hiyo yanalala wapi. Badala yake alimwalika meneja mkuu wa mamlaka watembelee eneo pamoja. Akaenda kumchukua kwa gari dogo la aina ile ile iliyotaka kununuliwa, akavisogeza viti mbele ili meneja aone askari mrefu atakavyobanwa, yeye mwenyewe akavaa mkanda wake wenye pingu na bastola ili ionekane nafasi inavyokwisha, kisha akaendesha juu ya kila shimo aliloliona barabarani. Baada ya saa mbili meneja alikuwa ameshiba. Magari makubwa yakapatikana. Anayetaka kumfahamu Bratton kama kiongozi aanzie hapo, kwa sababu mbinu hiyo ya kumfanya mwenye uamuzi aionje hali badala ya kuisoma ndiyo aliyoitumia tena na tena katika ngazi kubwa zaidi.

Aliitumia mwaka 1990 alipopewa polisi wa treni za chini ya ardhi za New York. Mwaka huo jiji lile lilizika watu 2,245 waliouawa, na treni zake zilikuwa zimekuwa mahali pa hofu. Cha ajabu ni kwamba maofisa wa juu wa polisi wa treni hawakuwa na wasiwasi mkubwa, kwa kuwa takwimu zao zilionyesha kwamba ni asilimia 3 tu ya makosa makubwa ya jiji yaliyotokea chini ya ardhi. Asilimia hiyo ilikuwa ya kweli, na haikumsaidia mtu yeyote, kwa sababu wao walikuwa wakienda kazini kwa magari ya ofisi. Bratton aliwaagiza wapande treni, mchana na usiku, yeye akiwa wa kwanza, na huko wakakutana na abiria waliobanwa na ombaomba wakali, na vijana walioruka vizuizi bila kulipa huku askari wakitazama pembeni.

Askari hawakuwa wavivu kwa asili. Kumkamata mtu aliyekwepa nauli ya dola moja na kitu kulimtoa askari kazini kwa takribani saa 16, kwa sababu ilimpasa ampeleke katikati ya jiji, ajaze fomu na asubiri. Ndipo mabasi ya zamani yakageuzwa kuwa vituo vinavyotembea, yakaegeshwa nje ya stesheni, na shughuli hiyo ikashuka hadi saa moja hivi. Kwa hesabu walizotoa polisi wenyewe wakati ule, kama mmoja kati ya kila watu saba waliokamatwa kwa kukwepa nauli alikuwa anatafutwa kwa kosa jingine. Kosa dogo liligeuka kuwa mlango wa kuwapata wenye makosa makubwa. Naomba mkiweke akilini kisa hiki cha nauli, kwa maana mantiki hiyo hiyo, ikiwa mikononi mwa watu wengine na miaka mingi baadaye, ilileta kilio.

Alirudi Boston mwaka 1992, akawa kamishna wa jiji lake mwaka 1993, na Januari 1994 meya mpya wa New York, Rudy Giuliani, akamkabidhi polisi wa jiji zima. Hapo ndipo ulipozaliwa mfumo wa kuwahoji makamanda kwa takwimu za uhalifu unaoitwa CompStat, na nitakaa hapa kidogo, kwa kuwa hiyo ndiyo bidhaa yake iliyosafiri kuliko zote.

Wakati ule makao makuu ya polisi wa New York yalipata takwimu za uhalifu zikiwa zimekwisha kupoa, miezi kadhaa baada ya matukio. Kamanda wa kituo aliweza kukaa mwaka mzima bila mkubwa wake kumuuliza swali moja la maana kuhusu wizi katika eneo lake. Alichoogopa ni kashfa, na njia salama ya kuepuka kashfa ni kutokufanya kitu. Mtu aliyeivunja hali hiyo ni Jack Maple, luteni wa polisi wa treni ambaye alikuwa amejaza ukuta kwa ramani zilizochorwa kwa mkono, akiweka alama kila palipotokea ujambazi. Maple alipenda kofia rasmi, tai ya kipepeo na viatu vya rangi mbili, na hakufanana hata kidogo na picha ya mtaalamu wa mikakati. Bratton alimrukisha ngazi zote hizo akamfanya naibu kamishna, jambo ambalo katika taasisi inayohesabu vyeo kama tunavyovihesabu sisi lilikuwa ni kutangaza vita.

Mikutano ya CompStat ilianza mwaka 1994. Ilifanyika mara mbili kwa wiki, kuanzia saa moja asubuhi. Kamanda wa eneo, ambaye kwetu Tanzania tungemlinganisha na OCD, yaani mkuu wa polisi wa wilaya, alisimama mbele ya wakubwa, ramani ya eneo lake ikiwa ukutani nyuma yake, na alama za matukio zikionekana kwa wote. Aliulizwa kwa nini ujambazi umeongezeka kwenye mtaa fulani, unatokea saa ngapi, waliokamatwa na bastola waliulizwa walizipata wapi, na kama hawakuulizwa, kwa nini. Wakuu wa upelelezi na wa kikosi cha dawa za kulevya walikuwa chumba hicho hicho, kwa hiyo hakuna aliyeweza kusema kwamba jalada liko kwa mwenzake. Maple alikuwa na kanuni nne: taarifa sahihi zinazofika mapema, kupeleka askari haraka, mbinu zinazofaa, na ufuatiliaji usiokoma. Tatu za kwanza zimo katika kila kitabu cha mafunzo ya polisi duniani. Ya nne ndiyo iliyowatoa makamanda jasho, na wengi wao walibadilishwa katika mwaka wa kwanza.

Watu hudhani CompStat ni kompyuta. Mwanzoni takwimu zilibebwa kwa disketi kutoka vituoni hadi makao makuu, na teknolojia yake leo ingechekwa na mtoto wa sekondari. Kiini chake ni kwamba mkuu anauliza, na anayeulizwa ana mamlaka ya kutosha ya kufanya kitu kuhusu alichoulizwa. Bratton aliwapa makamanda wa maeneo uwezo wa kupanga askari wao wenyewe kabla ya kuwahoji. Nchi na mashirika mengi yaliyoiga mfumo huu yaliiga mahojiano yakaacha mamlaka nyumbani, na matokeo yake ni kikao cha kufokea watu.

Na uhalifu ulishuka. Watu 1,946 waliuawa New York mwaka 1993; mwaka 1995 walikuwa 1,177. Hakuna anayeweza kuzipuuza namba hizo, kwa sababu nyuma yake kuna mamia ya watu waliorudi nyumbani. Lakini msikilizaji makini atauliza nani alizishusha. Mauaji yalikuwa yamekwisha kuanza kupungua kidogo kidogo tangu mwaka 1991, na meya aliyetangulia, David Dinkins, ndiye aliyepigania kodi iliyolipia maelfu ya askari wapya ambao Giuliani na Bratton waliwakuta. Wimbi la kokeini ya kuvuta lilikuwa linapungua. Miji mingine, ikiwemo San Diego iliyotumia njia ya upole zaidi, nayo ilishuhudia uhalifu ukishuka kwa kasi katika muongo huo. Mimi naona kwamba polisi walichangia, na kwamba walichangia pungufu ya walivyodai. Bratton mwenyewe amesimama imara miaka yote kwamba polisi ndio walioleta mabadiliko, na ninamwelewa: mkuu akiwaambia askari kwamba uhalifu hupanda na kushuka kwa sababu zisizowahusu, atawaongoza kwa kitu gani?

Mwanzoni mwa mwaka 1996 picha yake ilitokea kwenye jalada la jarida la Time. Meya hakuwemo. Miezi michache baadaye, baada ya miezi 27 tu katika kiti hicho, Bratton aliondoka, huku mikataba na safari zake zikichunguzwa na ofisi ya meya. Sina haja ya kulirefusha hili. Kila mliyemo humu anajua bosi wa kisiasa anavyohisi akimwona mtumishi wake anapigiwa makofi zaidi yake.

Hapo ukaanza ushauri. Alifanya kazi katika kampuni za ulinzi, akaanzisha kampuni yake, akashirikiana na Kroll, kampuni kubwa ya uchunguzi na usalama. Alialikwa Caracas, Venezuela, na meya Alfredo Peña, aliyekuwa amechaguliwa mwaka 2000 na ambaye baadaye aligombana vikali na serikali ya rais Hugo Chávez. Mshauri alikuta jeshi la polisi lililokuwa upande mmoja wa mvutano wa kisiasa, na mahakama na magereza ambayo hayakuwa chini ya aliyemwajiri. Mikutano ya saa moja asubuhi haiwezi kutibu hali hiyo. Caracas iliendelea kuwa miongoni mwa miji yenye mauaji mengi duniani. Sisemi kwamba kosa ni la Bratton, na hapo ndipo penye jambo lenyewe: hakuna aliyeweza kusema hivyo, kwa kuwa mshauri hakukabidhiwa kitu ambacho angeweza kudaiwa.

Los Angeles ilikuwa kinyume chake, na kwangu ndiyo sehemu yenye mafunzo kuliko zote katika maisha yake ya kazi.

Mnakumbuka kipigo ambacho askari wa Los Angeles walimpa Rodney King, dereva mweusi, mwaka 1991, na ghasia za mwaka 1992 baada ya askari waliompiga kuachiwa. Baada ya hapo wapiga kura wa jiji walibadili sheria: mkuu wa polisi, ambaye kabla ya hapo alikuwa karibu haondoleki, akawekewa kipindi cha miaka mitano kinachoweza kurudiwa mara moja tu. Wakuu wawili waliofuata, Willie Williams na Bernard Parks, wote walinyimwa kipindi cha pili. Katikati ya hayo ikazuka kashfa ya kituo cha Rampart, ambako askari wa kikosi cha kupambana na magenge walibainika kuwabambikia watu ushahidi na kuwapiga, na hukumu zaidi ya 100 zikafutwa. Serikali ya shirikisho ikaingilia, na mwaka 2001 jiji likaingia katika makubaliano yaliyosimamiwa na jaji wa shirikisho, yakilitaka jeshi libadilishe namna ya kuchunguza matumizi ya nguvu, liandike takwimu za watu wanaosimamishwa barabarani, na lijenge mfumo wa kompyuta wa kufuatilia mwenendo wa kila askari. Msimamizi huru wa kukagua utekelezaji huo alikuwa Kroll, na miongoni mwa watu waliofanya kazi katika timu yake ni Bratton.

Kwa hiyo alikuwa ameliona jeshi hilo kutoka nje, akiwa na orodha ya makosa yake mkononi. Oktoba 2002 meya James Hahn alimteua kuwa mkuu wake. Aliyekuwa akikagua akawa anakaguliwa, na wenzake wa zamani wakawa wanaandika ripoti juu yake kila robo mwaka. Angeweza kufanya kama walivyofanya waliomtangulia, kuyachukulia makubaliano yale kama adhabu ya kuvumiliwa hadi iishe. Alifanya tofauti. Aliyafanya kuwa mpango wake wa kazi, akawaambia askari kwamba njia ya haraka ya kumwondoa jaji ni kutimiza anachotaka. Hata hivyo kazi haikuwa ya haraka: kipindi cha awali cha miaka mitano kilipokwisha mwaka 2006, jaji Gary Feess alikiongeza kwa miaka mitatu, na jeshi liliachiwa Julai 2009.

Namna alivyowatendea wapinzani ni somo peke yake. Connie Rice, wakili wa haki za raia aliyekuwa amelishitaki jeshi hilo mara nyingi, aliombwa aongoze jopo la kuichunguza upya kashfa ya Rampart, na ripoti ya jopo lake ikatoka mwaka 2006 bila kulainishwa. Mwaka 2005 askari walimpiga risasi na kumuua Devin Brown, mtoto wa miaka 13 aliyekuwa akiendesha gari la wizi, na Bratton akabadili kanuni ya kufyatulia risasi magari yanayotembea. Mei mosi mwaka 2007, katika bustani ya MacArthur, askari waliwashambulia kwa virungu na risasi za mpira wahamiaji waliokuwa wakiandamana kwa amani, pamoja na waandishi wa habari. Bratton hakusubiri uchunguzi umalizike ndipo azungumze. Alikiri hadharani kwamba polisi walikosea, akamshusha cheo ofisa wa juu aliyesimamia eneo lile, na jiji baadaye lililipa fidia ya karibu dola milioni 13. Mwaka huo huo aliongezewa kipindi cha pili, wa kwanza kupewa hivyo tangu sheria ibadilishwe.

Haikuwa safi yote. Mwaka 2006 askari 50 walipelekwa kwenye mtaa wa Skid Row, wanakolala maelfu ya watu wasio na makazi, na faini zikamiminika kwa watu ambao hawakuwa na chochote cha kulipia. Ilikuwa ile mantiki ya nauli, ikitumika kwa mtu asiye na stesheni nyingine ya kwenda. Uhalifu wa jumla ulishuka kila mwaka wa uongozi wake, mauaji yakipungua kutoka zaidi ya 600 mwaka 2002 hadi kama 300 mwaka 2009 alipoondoka, lakini wakazi wa Skid Row wana hesabu yao wenyewe.

Alirudi kwenye ushauri, safari hii akiwa juu kabisa. Mwaka 2010 akawa mwenyekiti wa Kroll, kampuni ile ile. Mwaka uliofuata, ghasia zilipoenea Uingereza baada ya polisi kumuua Mark Duggan huko Tottenham, waziri mkuu David Cameron alitamani awe kamishna wa polisi wa London, lakini nafasi hiyo ilitaka raia wa Uingereza, kwa hiyo akaombwa ushauri. Wakuu wa polisi wa Uingereza, ambao bajeti zao zilikuwa zikikatwa wakati huo huo, waliona jambo hilo kama dharau, na Sir Hugh Orde, kiongozi wa chama chao, hakuficha. Mwanzoni mwa mwaka 2013 jiji la Oakland, California, lilipotaka kumwajiri kupitia kampuni ya ushauri kwa mkataba wa dola 250,000, ukumbi wa baraza la jiji ulijaa watu wanaopinga. Waliogopa kusimamishwa na kupekuliwa barabarani. Walimhukumu kwa jina la New York, na hakuna aliyeuliza amefanya nini Los Angeles. Heshima aliyoipata kwa miaka saba katika jiji moja la California haikuvuka hadi jiji jingine la jimbo hilo hilo, umbali wa saa moja kwa ndege. Kwa mtu anayeuza ushauri hilo ni jambo la kufikirisha sana, kwa sababu utaratibu wa mkutano unaweza kuandikwa ukatumwa popote, ilhali imani ya wakazi humfuata aliyeishi nao, na haiandikwi kwenye mkataba. Sisi wa huku, tuliojaribu polisi jamii na Nyumba Kumi, tunajua kwamba utaratibu ule ule hufanya kazi kata moja na kushindwa kata ya jirani, kwa kutegemea tu nani anauendesha.

Januari 2014 alirudi New York kwa mara ya pili, chini ya meya Bill de Blasio, ambaye alikuwa ameshinda kwa kuahidi kupunguza upekuzi wa barabarani. Katika miaka ambayo Bratton hakuwepo, polisi wa jiji walikuwa wamefikia hatua ya kuwasimamisha watu zaidi ya mara 685,000 katika mwaka mmoja wa 2011, wengi wao vijana weusi na wenye asili ya Amerika ya Kusini, na wengi wakiachiwa bila kosa. Mwaka 2013 jaji Shira Scheindlin aliamua kwamba namna hiyo inavunja katiba. Pia ilikuwa imejulikana kwamba katika kituo kimoja cha Brooklyn makosa yalishushwa uzito kwenye vitabu ili takwimu za kamanda zipendeze kikaoni. Bratton alikuta mfumo wake mwenyewe umezeeka vibaya. Upekuzi ulipungua hadi chini ya 50,000 mwaka 2014, na mauaji hayakupanda: yalikuwa 335 mwaka 2013 na 333 mwaka 2014. Kwa maoni yangu namba hizo mbili zikiwekwa pamoja zinapunguza nguvu ya hoja nyingi zilizotolewa kutetea upekuzi.

Lakini makosa madogo aliendelea kuyafuatilia. Tarehe 17 Julai 2014, huko Staten Island, askari walimkamata Eric Garner wakimtuhumu kuuza sigara moja moja, na askari Daniel Pantaleo akampiga kabari ya shingo, mbinu ambayo kanuni za jeshi hilo zilikuwa zimeipiga marufuku tangu mwaka 1993. Garner alisema mara nyingi kwamba hawezi kupumua, kisha akafa. Desemba ya mwaka huo askari wawili, Wenjian Liu na Rafael Ramos, waliuawa ndani ya gari lao Brooklyn na mtu aliyedai kulipiza kisasi, na mazishini mamia ya askari wakampa meya mgongo. Bratton aliwaandikia wasirudie katika mazishi ya pili. Baadhi walirudia. Aliyewahi kuwa na jeshi lote mkononi alikuwa sasa kati ya meya aliyemteua na askari waliomwona meya huyo kuwa adui.

Mbinu aliyoiacha, ya kuwapangia askari mitaa ya kudumu ili wafahamiane na wakazi, ilibuniwa pamoja na msaidizi wake James O'Neill, ambaye alimrithi Septemba 2016. Bratton alikwenda katika kampuni ya Teneo kuongoza kitengo cha ushauri wa usalama. Jalada la Pantaleo lilibaki mezani. Agosti 2019, zaidi ya miaka mitano baada ya kifo cha Garner, O'Neill alimfukuza kazi askari huyo, akieleza hadharani jinsi uamuzi huo ulivyomlemea na jinsi askari wake watakavyomkasirikia, na kabla mwaka haujaisha naye akaondoka. Bratton wakati huo alikuwa mshauri, na uamuzi huo haukuwa wake tena.